BERINGI MOJA, USHURU MARA MBILI

Hotuba ya mwenezi wa chama wa wilaya, aliyoitoa mbele ya wanachama wa tawi la Himo, Mkoa wa Kilimanjaro. Twaichapa kama ilivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti havikutosha: nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya ushuru wa forodha. Najua si jambo la kupigiwa ngoma. Lakini katika wiki tatu nilizozunguka matawi ya huku chini mpaka Kahe, sikuulizwa sana habari za uchaguzi wala habari za kadi. Niliulizwa habari za beringi. (Kicheko.)

Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kuna kijiji kimoja chenye mashine moja tu ya kusaga. Beringi ya mhimili wa mashine hiyo ilikufa. Beringi yenyewe ni kitu cha kushika kwa kiganja kimoja. Fundi aliitafuta Moshi mjini akakosa ya kipimo kile, akapiga simu Nairobi, ikapatikana, ikalipiwa siku ileile, na jioni ikapakiwa kwenye basi. Mpaka hapo ni siku moja. Kutoka mpakani mpaka kufungwa kwenye mashine ilichukua siku 16. Katika siku hizo zote akina mama wa kijiji kile walibeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili, na mabinti ndio waliowasindikiza. Mimi kwa kazi ni mwalimu. Nilipita shule ya pale nikaomba kuliona daftari la mahudhurio, na nafasi tupu katika safu ya wasichana zilinitosha.

Ni nini kilichoishika beringi siku 16? Siku ya kwanza mwenyewe aliambiwa hana wakala, na bila wakala karatasi haziingii. Akatafuta wakala. Wakala akaambiwa mzigo hauna cheti cha asili. Cheti kikatafutwa, kumbe hakiwezi kupatikana, maana beringi haikutengenezwa Kenya bali ng'ambo ya bahari. Basi ikakubaliwa kwamba italipiwa kama kitu cha ng'ambo. Siku iliyofuata kompyuta zilikuwa zimezima. Mtambo wao ukilala, bohari halilali: kodi ya kuhifadhi mzigo inaendelea kuhesabiwa. Yule bwana alipomaliza kulipa, karatasi zilizofungamana na beringi zilikuwa zimepita bei ya beringi. Kituo chenyewe sikitaji, kwa sababu sikuja hapa kumshitaki karani mmoja. Karani huyo kesho atahamishwa na mwingine atakaa palepale na kufanya yaleyale, kwa kuwa ndivyo kazi ilivyopangwa.

Forodha si jambo la jana katika pwani hii. Wale mliofika Unguja mmekaa Forodhani mkala mishikaki, na jina lile halikutoka hewani. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani kwamba bidhaa zao zitozwe asilimia 5 na si zaidi. Lakini ukusanyaji wenyewe hakuufanya Sultani. Aliukodisha kwa mfanyabiashara, na kwa miaka mingi aliyekodi ni Jairam Shivji na nyumba yake. Huyu alimlipa Sultani fungu walilopatana kwa mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kukuonyesha hesabu. Nasema hivi kwa kuwa hata leo, miaka karibu 200 baadaye, ukisimama dirishani na mzigo wako, kitu kigumu kuliko vyote kupata si punguzo. Ni hesabu iliyoandikwa ukaisoma ukaielewa.

Baadaye wakoloni walichora mipaka yao, kisha wao wenyewe wakaona inawasumbua. Mwaka 1917 waliunganisha forodha za Kenya na Uganda, na Tanganyika ikaingizwa polepole mpaka 1927. Hawakufanya hivyo kwa kutupenda. Walitaka mali ya viwanda vyao ipite bila kizuizi. Uhuru ulipopatikana, viongozi wetu walichukua umoja ule wakautia nia nyingine, na mwaka 1967 ikaundwa Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao Arusha. Mwaka 1977 ikavunjika. Wazee wa hapa Himo hawana haja ya kusimuliwa na kijana kama mimi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwanzoni mwa mwaka 1977 haukufunguliwa mpaka 1983. Taveta iko pua na mdomo na sisi, na kwa miaka sita ikawa mbali kama Ulaya.

Wakati ule ndipo taifa lilipojifunza spea ni kitu gani. Reli ilikuwa moja ya Afrika Mashariki, lakini karakana kubwa ya injini za treni ilikuwa Nairobi. Ndege zilikuwa za pamoja, na karakana yake ilikuwa Nairobi vilevile. Jumuiya ilipokufa tulibaki na reli ndani ya ardhi yetu, na mahali pa kuzitengenezea injini pako upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Kuwa na mashine si kuitawala. Anayeitawala ni yule mwenye spea.

Sasa tuje kwenye leo. Jumuiya mpya ilitiwa sahihi Arusha mwaka 1999, na mkataba wa umoja wa forodha ulitiwa sahihi Machi 2004 ukaanza kazi Januari 2005. Kwa mkataba huo, kitu kinachotoka nje ya Jumuiya kinatozwa ushuru wa namna moja kikiingia nchi yoyote mwanachama. Madaraja yalikuwa matatu. Sifuri ni kwa malighafi na mitambo ya uzalishaji. Asilimia 10 ni kwa vitu vilivyotengenezwa nusu. Asilimia 25 ni kwa vitu vilivyokamilika. Mwaka 2022 likaongezwa daraja la nne, asilimia 35, kwa baadhi ya vitu ambavyo Jumuiya yasema inaweza kuvitengeneza yenyewe.

Nipeni ubao kidogo. (Ubao ukaletwa.) Tuseme spea yako imenunuliwa ng'ambo kwa shilingi 100,000. Nauli ya meli na bima ni shilingi 20,000. Wengi wanadhani ushuru unatozwa juu ya laki moja. Sivyo. Unatozwa juu ya laki moja na ishirini elfu, yaani bei pamoja na bima na nauli. Kwa asilimia 10 ushuru ni 12,000, jumla inakuwa 132,000. Halafu inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 hapa Tanzania bara, nayo haihesabiwi juu ya 120,000. Inahesabiwa juu ya 132,000, yaani unalipa kodi juu ya ushuru uliokwisha kulipa. Hiyo ni 23,760. Jumla sasa 155,760. Spea ileile ikiwekwa daraja la asilimia 25, jumla inakuwa 177,000. Ikiwekwa asilimia 35, inakuwa 191,160. Ikiwekwa sifuri, inakuwa 141,600. Na sijatia ada ya kushughulikia karatasi, wala ule ushuru wa reli ulioanza mwaka 2015 kwa asilimia moja na nusu, wala wakala, wala bohari.

Tazameni vizuri hapo. Kati ya sifuri na 25 kuna tofauti ya shilingi 35,400, na tofauti hiyo yote inakaa katika neno moja: spea hii inaitwaje? Kila bidhaa duniani ina namba yake katika orodha ya kimataifa inayotumika tangu mwaka 1988. Na kanuni ya orodha hiyo, ambayo watu wengi hawaijui, ni kwamba sehemu nyingine za mashine hazifuati mashine. Beringi ni beringi, iwe ya trekta, iwe ya mashine ya kusaga, ina kifungu chake peke yake. Mkanda wa mpira wa kuzungusha mashine uko pamoja na vitu vya mpira. Lakini kile kipande kilichotengenezwa kwa mashine ya kusaga tu, kisichofaa mahali pengine, huandikwa chini ya mashine hiyo. Ndiyo maana yaweza kutokea mashine nzima ikaingia bila ushuru kwa kuwa ni mtambo wa uzalishaji, halafu kipande chake kikaja peke yake na kutozwa. Sheria inamsaidia mtu kununua mashine mpya, na mtu huyohuyo akitaka kuitengeneza ya zamani inamtoza. Maskini hanunui mashine mpya kila mwaka. Maskini anatengeneza.

Kuna mzee aliniuliza kule Kahe swali ambalo sikusikia likiulizwa katika mikutano mikubwa. Aliniuliza: "Mwalimu, spea yangu imeletwa kwa meli Mombasa, ushuru umelipwa Mombasa. Kama Jumuiya ni moja, mbona Holili nalipa tena?" Nilimwambia swali lake ndilo swali lenyewe. Kitu kilichotengenezwa ndani ya Jumuiya, kikiwa na cheti cha asili, kinavuka bila ushuru wa forodha. Kitu kilichotoka ng'ambo kikalipiwa Mombasa, kikivuka kuja kwetu huhesabiwa upya kana kwamba ndiyo kwanza kinateremka melini. Mwaka 2014 nchi zetu zilianza mpango wa eneo moja la forodha ili mzigo ulipiwe mara moja tu pale unapoingia. Mpango huo umesaidia mzigo mkubwa wa kontena, ambao tangu bandarini unajulikana unakwenda nchi gani. Lakini beringi iliyonunuliwa dukani Nairobi haikujulikana ilipoteremka kwamba siku moja itatakiwa Kahe. Imelipiwa kule na inalipiwa huku. Mwenye duka Nairobi ameutia ushuru wa kwanza katika bei, na wewe ukalipa bei hiyo, kwa hiyo mara zote mbili aliyelipa ni wewe.

Lazima niseme na jambo lisilopendeza masikioni mwetu. Wengi wanadhani wakipewa cheti cha asili hawalipi kitu. Cheti kinaondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani, maana hiyo hulipwa katika nchi ambamo kitu kitatumika. Kwa hiyo msimtukane bwana forodha anapowadai hiyo. Lakini angalieni nani inamwumiza. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi hii anaidai katika hesabu zake na kurudishiwa. Mwenye mashine moja ya kusaga hajasajiliwa wala mapato yake hayafiki huko. Kwake ile kodi imekwenda. Mkubwa anaazima, mdogo anatoa. (Makofi.)

Tena zipo ada. Nchi nyingi, na yetu ni mojawapo, zilitia sahihi makubaliano ya biashara ya dunia ya tangu 1947, ambayo yanasema ada ya kazi ya forodha isizidi kadiri ya gharama ya kazi yenyewe. Mapatano mapya ya kurahisisha biashara yaliyoanza kazi Februari 2017 yamerudia neno hilo. Maana yake ni hii: kodi ni kodi, inaamuliwa bungeni, inajenga shule. Ada ni malipo ya kazi uliyofanyiwa. Karani anayepiga muhuri karatasi ya beringi anafanya kazi ileile ya karani anayepiga muhuri karatasi ya kreni. Kwa hiyo ada ikipangwa kwa asilimia ya thamani ya mzigo, si malipo ya kazi tena. Ni kodi iliyovaa kanzu ya ada. Na ikipangwa kwa kila mzigo sawa, bila kutazama ukubwa, basi mwenye kontena ataigawa juu ya vipande elfu, na mwenye beringi moja ataibeba peke yake. Wakala naye ni hivyohivyo. Hatupunguzii kwa sababu tumeleta kitu kidogo.

Matokeo yake mnayajua kuliko mimi. Hapa hapa, usiku, pikipiki zinapita njia za panya na beringi chini ya kiti. Mimi ni mwenezi wa chama, siwezi kusimama hapa nikatetea magendo, na siyatetei. Magendo yanaua duka la mtu aliyelipa. Yanamzoeza askari kupokea, na aliyezoea kupokea kwa beringi atapokea kwa bunduki. Lakini nasema hivi: ukiona baba mwenye watoto, asiyewahi kuiba hata kuku, anavusha kipande cha mashine usiku kama mwizi, usiulize tu habari ya tabia yake. Uliza pia habari ya dirisha la mchana.

Najua watakuja watu na kusema mwenezi anapinga kodi. La. Chaki niliyoandikia ubao huu ilinunuliwa kwa kodi, na mshahara wangu wa ualimu ulitoka huko. Wala sipingi ushuru wa kulinda viwanda. Nchi isiyojifunza kutengeneza itanunua milele. Tulipata kujenga kiwanda cha zana za kilimo Ubungo, kiwanda cha mashine hapa hapa Kilimanjaro kwa msaada wa Wabulgaria, tukaunda SIDO mwaka 1973, TEMDO mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981, hizi mbili pale Arusha, ili mashine zetu zibuniwe na zitengenezwe kwetu. Fikira ile ilikuwa sawa. Nyundo za mashine ya kusaga, na chekeche zake, fundi hodari wa Moshi anaweza kuzitengeneza, na wapo wanaotengeneza. Kwa vipande vya namna hiyo mimi nakubali ushuru upande, mradi fundi wetu asitozwe juu ya chuma anachotumia. Lakini beringi yenye gololi za kipimo cha nywele hatuitengenezi. Kuitoza beringi ili kulinda kiwanda ambacho hakipo ni kumlinda nani?

Basi tufanye nini? Chama hakitoshi kulalamika. Tunaweza kudai, na yapo mambo ambayo tuna haki ya kuyadai bila kuomba radhi. Hesabu iandikwe ukutani kwa Kiswahili: kipande gani, daraja gani, ada ipi na ni ya kazi gani. Wakuu wa nchi za Jumuiya waliamua mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Vizuri. Kianzie dirishani, mahali mtu anapotoa fedha yake, kisianzie kwenye karamu. Tena mtambo wa serikali ukizima, kodi ya bohari nayo izime. Na kitu chenye stakabadhi ya ushuru wa Mombasa kipokelewe kuwa kimelipiwa, serikali mbili zigawane zenyewe kwa hesabu zao. Wao wana kompyuta, sisi tuna madebe ya mahindi.

Lakini hayo yatachukua muda, na mashine za kusaga haziwezi kungoja kikao cha mawaziri. Kwa hiyo nasema jambo moja ambalo liko mikononi mwetu. Watu wa mlima huu ndio walioanzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Hawakungoja mtu awauzie kahawa yao kwa huruma. Walikusanya gunia la huyu na la yule mpaka likawa shehena. Mbona spea tunaagiza mmoja mmoja? Katika kata hizi za chini nimehesabu mwenyewe mashine za kusaga 23, na fundi ananiambia nyingi zinatumia beringi za vipimo vitatu tu na mikanda ya vipimo viwili. Tukiagiza mara moja kwa mwaka, kwa jina moja, kwa karatasi moja, ada ya wakala ni moja na safari ya mpakani ni moja. Vipande vikae katika kabati la ushirika, vingoje mashine, badala ya mashine kungoja vipande. Na kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000, kuna cheti chepesi cha asili ambacho hutolewa palepale mpakani, ikiwa bidhaa hiyo imo katika orodha yao. Kijueni. Kiulizeni kwa jina. Mtu akisema hakipo, mwombe aandike kwamba hakipo na atie sahihi.

Jambo la mwisho, Ndugu Mwenyekiti, ni la stakabadhi. Malalamiko ya mdomo nimeyachoka, na hata huko juu wameyachoka. Jumamosi hii kuanzia saa mbili asubuhi mimi na katibu tutakuwa ofisi ya tawi. Kila aliyeleta kipande cha mashine kutoka ng'ambo ya mpaka katika miaka miwili iliyopita alete karatasi zake: ankara ya duka, karatasi ya forodha, stakabadhi ya wakala, stakabadhi ya bohari. Tutazinakili na kuwarudishia palepale. Aliyelipa bila kupewa stakabadhi aje vilevile, tutaandika tarehe, kiasi, na kituo. Wenye mashine wabaki baada ya mkutano wakae na fundi hapa chini ya mwembe, waandike vipimo vyao vya beringi na mikanda. Kalamu ninazo, na karatasi zipo.